Mwanamume kwa Mujibu wa Kifungu cha Pili

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Tengamano. Nchi hiyo ilikuwa na mambo mengi mazuri, na yale yasiyokuwa mazuri yalikuwa na kamati. Maji yalikuwa na kamati, barabara zilikuwa na kamati, hata kamati zenyewe zilikuwa na kamati ya kuzisimamia. Ndoa peke yake ndiyo haikuwa nayo, kwa sababu watu wa Tengamano tangu enzi za mababu walikuwa wakioana wenyewe tu, bila msaada wa Serikali.

Basi redio ikatangaza kwamba huko ng'ambo wanaume wameruhusiwa kuoana na wanaume, na wanawake kuoana na wanawake. Ndani ya Tengamano hakuna aliyekuwa ameomba ruhusa hiyo. Serikali ikaona hatari kubwa katika ukimya huo, ikaamua kukataza kabla haijaombwa. Waziri wa Maadili na Ustawi wa Kaya, Mheshimiwa Daktari Lazaro Nzigu, akasimama bungeni akahutubia kwa saa tatu na nusu.

"Mheshimiwa Spika, ndoa ni mwamba, na mwamba haujadiliwi," alisema. "Ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Na mwanamume ni yule anayeilinda nyumba yake, anayeilisha nyumba yake, na anayeiongoza nyumba yake. Asiyefanya hayo si mwanamume. Huyo ni mwanamke."

Wabunge wakapiga meza. Karani wa Bunge, kijana mwenye bidii ambaye hakuna aliyemwelekeza hotuba inaishia wapi na sheria inaanzia wapi, akaandika yote. Maneno hayo yakaingia katika Sheria ya Kulinda Ndoa kama kifungu cha pili.

Kisha mbunge mmoja wa viti vya nyuma, aliyekuwa hajawahi kusema kitu tangu achaguliwe, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kama tunaufunga mlango kwa wanaotaka kuingia, mbona tunauacha wazi kwa wanaotaka kutoka?"

Bunge likatulia kwa uzito wa fikra hiyo. Kabla ya chai ya saa kumi, talaka nayo ikawa imefutwa.

*

Habari hiyo ilimfikia Bi Tusekile Mbonde akiwa juu ya ngazi za ofisi yake, mjini Kibweta, akimtazama fundi rangi. Kibao cha mlangoni kilikuwa kikisomeka OFISI YA USAJILI WA TALAKA kwa miaka ishirini na miwili. Sasa neno la mwisho lilikuwa limepakwa chokaa, na fundi rangi alikuwa akimalizia neno jipya. Kikasomeka OFISI YA USAJILI WA KUDUMU.

"Kudumu kwa nini?" Bi Tusekile aliuliza.

"Mama, mimi nimeambiwa herufi tu," fundi rangi akajibu.

Bi Tusekile aliingia ndani, akaketi, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na ndoa yake mwenyewe ilikuwa njema. Mumewe alikufa akiwa bado anamchekesha. Pengine ndiyo maana aliweza kuzisikiliza ndoa za wengine bila kinyongo. Katika miaka hiyo yote alikuwa amejifunza kwamba watu hawaji kuomba talaka wakiwa wamevaa ovyo. Huvaa nguo zao nzuri kuliko zote, kama wanaokwenda kubatiza mtoto, na wakishapigiwa muhuri hukaa kidogo kwenye benchi, wakipumua.

Siku ya tatu ukaja waraka. Ulisema kwamba, kwa kuwa ndoa za jinsia moja hazipo, zile zilizopo zifutwe. Bi Tusekile akapiga simu makao makuu kuuliza. Mwanasheria wa Wizara akamweleza kwa subira: ndoa isiyokuwepo haiwezi kuvunjwa, kwa maana haipo, na ikiwepo haiwezi kuvunjwa pia, kwa maana talaka imefutwa. Hivyo Wizara imetengeneza Fomu Namba Tisa. Mhusika ataapa kwamba amefunga ndoa, ili ithibitishwe kwamba hakufunga.

"Na nani atakuja kujaza fomu hiyo?" aliuliza Bi Tusekile.

"Hakuna," alisema mwanasheria. "Uzuri wake ndio huo."

*

Aliyekuja wa kwanza aliitwa Adelina, fundi cherehani wa mtaa wa Mnarani. Alivaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali, na jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Nimekuja kujaza fomu ya ndoa za wanawake," alisema.

Bi Tusekile alimfahamu mumewe, Faustini, dalali wa mnadani, mtu mwenye ndevu na kifua kama pipa. "Mwanangu, si umeolewa na Faustini?"

"Ndiyo. Faustini ni mwanamke."

"Adelina."

"Sikusema mimi, mama. Kasema Waziri." Akatoa kwenye pochi kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha juu ya meza. "Mwanamume ni yule anayeilinda nyumba. Yangu inalindwa na majirani, na wanailinda dhidi yake. Anayeilisha nyumba. Anayelisha ni mimi na cherehani yangu. Anayeiongoza nyumba. Faustini akinywa, hata njia ya kuja nyumbani lazima aongozwe."

Bi Tusekile akakitoa kitabu cha sheria. Akakisoma kifungu cha pili mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa hofu, na mara ya tatu polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kilikuwa wazi. Hakikuzungumzia ndevu.

"Una shahidi?"

"Wako nje. Ni mtaa mzima."

Akapiga muhuri. Adelina akakaa kwenye benchi, akapumua.

Kesho yake Faustini alifika akipiga kelele tangu getini. Bi Tusekile akamwomba aketi, akamwonyesha kifungu.

"Yaani mimi ni mwanamke?"

"Kwa mujibu wa sheria, ndiyo, dada."

"Na nikitaka kurudi?"

"Unakata rufaa. Unaleta ushahidi kwamba unailinda nyumba, unailisha na unaiongoza."

"Ushahidi wa nani?"

"Wa mkeo."

Faustini akafikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo wenzake wa mnadani walisema hawakuwahi kulishuhudia. Kisha akaondoka bila kuaga.

Habari za namna hiyo hazihitaji redio. Wiki iliyofuata foleni ya wanawake ilianzia mlangoni pa Bi Tusekile, ikazunguka ofisi ya ardhi na kuishia kwenye mashine ya kusaga. Ofisi za wilaya nyingine zikaiga. Hadi mwisho wa mwezi wa pili, wanaume elfu nne na mia tatu wa Tengamano walikuwa wanawake, wakiwemo wabunge hamsini na mmoja. Idara ya Takwimu ikatangaza kwa fahari kwamba nchi imevuka lengo la uwakilishi wa wanawake bungeni, na wafadhili wakatuma barua ya pongezi yenye picha ya njiwa.

*

Wale vikongwe wawili walifika siku ya Jumatatu, foleni ilipokuwa imepungua. Mmoja alikuwa mrefu, mkavu, mwenye fimbo na koti la kiume lililofungwa vifungo vyote. Wa pili alikuwa mfupi, mwenye kanga mbili na pumzi za shida. Yule mrefu alitandaza leso kwenye benchi kwanza, mfupi akaketi juu yake, ndipo mrefu naye akaketi.

"Shikamooni," Bi Tusekile aliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Nzigu, na huyu ni mke wangu, Sijaona. Tumesikia redioni kwamba sisi tuje tufutwe."

Bi Tusekile aliweka kalamu chini. Alikuwa amesikia kuhusu ndoa za kizingiti alipokuwa msichana. Ilikuwa mila ya watu wa milimani: mwanamke mjane asiye na mtoto aliweza kuoa mke, akampokea kizingitini mbele ya ukoo, na watoto watakaozaliwa na mke huyo wakaitwa kwa jina la mumewe, yaani la huyo mjane. Mtoto alipatikanaje, ukoo haukuuliza. Alidhani mila hiyo ilikwisha zamani.

"Ni miaka mingapi sasa?" aliuliza.

"Arobaini na tisa," alisema Nzigu.

"Hamsini kasoro miezi miwili," alisema Sijaona.

"Na mnataka ifutwe?"

Wakatazamana. "Hatutaki," alisema Nzigu. "Lakini aliyesema ni Serikali. Sisi hatujawahi kuikataa Serikali. Tulichimba vyoo waliposema, tukalima pamba waliposema, tukang'oa pamba waliposema."

Bi Tusekile aliichukua Fomu Namba Tisa akaanza kuijaza. Alipofika sehemu ya watoto, akauliza.

"Wawili," alisema Sijaona. "Wa kike alifariki mdogo. Wa kiume ni Lazaro."

"Lazaro anafanya kazi wapi, mama?"

"Serikalini. Ni huyo aliyesema redioni."

Kalamu ikasimama. Bi Tusekile hakuwa mwanasheria, lakini Katiba aliisoma kila mwaka kwa ajili ya mtihani wa watumishi. Katiba ya Tengamano ilisema waziri sharti awe mtoto wa baba anayejulikana, raia wa kuzaliwa. Katika cheti cha Mheshimiwa, mahali pa baba bila shaka paliandikwa Nzigu. Ndoa hii ikifutwa, Nzigu si baba wa mtu. Na asiye na baba si waziri, si mbunge, wala hana jina la pili.

Angeweza kupiga muhuri hapo hapo. Muhuri ulikuwa mkononi. Wakati huo Nzigu alikuwa ameinama akizikaza kanga za Sijaona mabegani, kwa sababu upepo ulikuwa ukiingia kupitia dirisha lililovunjika, na Sijaona, bila kumtazama, alikuwa ameinua kidevu ili kumrahisishia.

"Wazee wangu," alisema Bi Tusekile, "wino umekwisha. Rudini Alhamisi ijayo."

*

Habari zilimfikia Mheshimiwa Waziri usiku huo huo, na siku ya pili yake alikuja kupitia mlango wa jikoni wa ofisi, akiwa na miwani ya jua na bila king'ora. Alianza akiwa amesimama.

"Bi Tusekile, taifa liko njia panda. Kuna nyakati ambapo mtumishi wa umma mwenye weledi, akizingatia maslahi mapana, anaweza akalipoteza jalada."

"Mheshimiwa, jalada si tatizo. Wenyewe watarudi Alhamisi."

"Wazuie."

"Niwaambie nini? Wametii sauti yako."

Waziri akavua miwani. Bila miwani alionekana ana umri wa mtu aliyechoka. Akaketi kwenye benchi, mahali pale pale wanawake walipokaa kupumua.

"Yeye ndiye aliyenipeleka shule," alisema. "Nzigu. Mto ulipofurika alinibeba mabegani, maji yakimfika hapa." Akaonyesha kifua. "Nilikuwa namwita Baba. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita baba yangu, na hakuna aliyecheka. Nilipofika chuo kikuu nikaona rahisi kusema baba yangu alifariki."

"Yeye anajua?"

"Alikuja kwenye mahafali yangu. Nikamtambulisha kuwa shangazi." Akaipangusa miwani kwa tai yake. "Alijibu kwamba amefurahi kuwafahamu wenzangu."

Bi Tusekile alimmiminia chai. Alijua kwamba mtu mwenye cheo akifika hapo, neno lolote la huruma humrudisha kwenye hotuba.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye, "sheria uliitunga wewe. Anayeweza kuongeza kifungu ni wewe."

Waziri alikunywa chai yote. Akavaa miwani, na pamoja nayo akavaa sauti yake. "Serikali yangu imekuwa daima mstari wa mbele katika kuenzi mila," alisema, akatoka kupitia jikoni.

*

Muswada ulipelekwa bungeni kwa hati ya dharura. Ulisema kwamba ndoa ya kizingiti, kati ya mwanamke na mwanamke, ni ndoa halali ya Tengamano tangu enzi na enzi, *pamoja na mila zake zote kama zilivyo*. Maneno hayo ya mwisho aliyaweka mwandishi wa sheria kwa sababu gari la kumpeleka nyumbani lilikuwa linamsubiri, na hakujua mila zenyewe ni zipi. Wabunge hamsini na mmoja waliokuwa wanawake walipiga kura ya ndiyo kwa moyo mkunjufu, wakidhani itawasaidia. Na kwa kuwa hapakuwa tena na ndoa batili ya wanawake, waraka ukaagiza kwamba ndoa zote zilizofutwa kwa Fomu Namba Tisa zimerejeshwa kuanzia Jumatatu, zikiwa ndoa za kizingiti.

Jumatatu Adelina alikuwa wa kwanza mlangoni. Jicho lake lilikuwa limepona.

"Ni kweli nimerudishwa kwa Faustini?"

"Ni kweli. Kaa, mwanangu."

"Mama, mimi sirudi. Bora nife."

"Kaa nikuulize." Bi Tusekile alikuwa amekesha wikiendi nzima na wazee wa milimani waliokuwa wamehamia mjini, akiandika mila moja moja katika daftari. Akalifungua. "Mila ya kizingiti inasema mume haruhusiwi kumwinulia mke mkono. Na inasema kila mwaka, baada ya mavuno, mke aulizwe swali moja mbele ya shahidi, na akisema hapana, mume atamsindikiza hadi barabarani amebeba mizigo yake. Mavuno yamekwisha mwezi uliopita. Mimi ni shahidi. Adelina, unakaa?"

Adelina alimtazama kana kwamba anaogopa swali litayeyuka. "Sikai," alisema.

"Basi umeondoka."

Jioni hiyo watu wa Mnarani walimwona Faustini akitembea kuelekea barabara kuu na cherehani kichwani, askari wa kata akimfuata nyuma, na Adelina mbele akimwonyesha njia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wanawake wengi walirejeshwa asubuhi na kuondoka kabla ya adhuhuri. Wengine, na hili Wizara haikulitarajia, waliulizwa wakasema wanakaa, na waume zao wakalia mbele ya meza ya usajili. Walikuja hata wanaume waliokuwa wakiilinda, kuilisha na kuiongoza nyumba vizuri kabisa, wakaomba wahesabiwe wanawake, kwa sababu wake zao walisema nao wanataka kuulizwa. Mke wa Waziri alituma ombi lake kwa barua, lililopigwa chapa, nakala tatu.

Wakaja pia wasichana wawili wameshikana mikono, mmoja fundi umeme, mwingine muuguzi wa zahanati ya Kibweta. Fundi umeme ndiye aliyezungumza. "Sheria inasema lazima uwe mjane?"

Bi Tusekile akapitia ukurasa, akaugeuza, akaurudia. "Haisemi."

"Inasema lazima mtake watoto?"

"Haisemi hilo pia."

"Inasema nini?"

"Inasema kizingiti na swali la kila mwaka."

Muuguzi akaanza kulia, fundi umeme akamwazima leso yake yenye harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya. Bi Tusekile akawaandikisha wa kwanza katika ukurasa mpya.

*

Alhamisi, Nzigu na Sijaona walirudi kama walivyoagizwa. Bi Tusekile aliwaeleza kwamba hawafutwi tena. Wao sasa ndio mfano wa taifa, na Mheshimiwa Waziri ameomba kuwatembelea Jumapili, bila waandishi wa habari, kama Baba atamruhusu.

Nzigu aliuliza, "Amesema hivyo? Baba?"

"Ameandika. Hapa."

Nzigu hakujua kusoma. Aliishika barua muda mrefu, akampa Sijaona, ambaye naye hakujua kusoma, na wote wawili wakaitazama.

"Limebaki jambo moja la kukamilisha kumbukumbu," alisema Bi Tusekile. "Ni lile swali la mavuno. Sheria inataka liandikwe. Mwaka jana uliuliza tarehe ngapi, mzee?"

Nzigu akaangalia fimbo yake.

"Hakuuliza," alisema Sijaona.

"Mwaka juzi?"

"Aliuliza mwaka wa kwanza tu. Nikasema nakaa. Mwaka wa pili mvua iligoma, akasema si wakati wa maswali. Mwaka wa tatu mtoto aliugua. Baada ya hapo ikawa haina sababu."

Nzigu alisema, kwa sauti ndogo ambayo Bi Tusekile hakuitarajia kwa mtu mrefu kiasi kile, "Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuogopa jibu."

Bi Tusekile akaifungua kalamu na kusema kwamba Serikali inaweza kuuliza kwa niaba yake, fomu inaruhusu. Nzigu akatikisa kichwa. Akaegemeza fimbo ukutani, akageuka kwenye benchi mpaka magoti yao yakagusana.

"Sijaona," alisema. "Unakaa?"

Kule nje foleni ikaacha kupiga soga. Bibi yule alimtazama Nzigu usoni kama anayeupitia mwaka mmoja mmoja, wa mvua na wa njaa, na Nzigu alikaa akitazamwa, mikono imefumbatwa, bila kuomba.

"Nakaa," alisema Sijaona. "Lakini mwakani usinilete ofisini. Niulize nyumbani."